Mawazo yakikuzidi Marekani: uanze na terapisti, mchungaji au kikundi?

Swali hili naulizwa karibu kila wiki, na mara nyingi linakuja usiku kwa voisi ya WhatsApp. Mtu anaanza na salamu ndefu, watoto hawajambo, huko kwenu theluji imeanza, mama mguu ulipona, afu kimya kidogo, afu ndo anasema, "sasa ndugu yangu, mimi silali." Mimi ni mkalimani wa Kiswahili mahospitalini na kwenye makliniki, huu mwaka wa tisa, na nimekulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, kwa hiyo watu wanadhani nina dawa. Sina. Ila nimekaa sana kwenye kile kiti cha katikati, daktari huku mgonjwa kule, Jumapili niko kwaya, na Jumamosi nyingine niko kwenye kikao cha wazee tunasuluhisha ndoa ya watu, kwa hiyo hii milango mitatu ambayo watu wanashindwa kujua wagonge upi, yote nimeiona kwa ndani.

Naongea zaidi na sisi tuliotoka Kongo tukapitia Tanzania, Burundi au Uganda, maana ndo maisha ninayoyajua. Wa kutoka kwingine chukueni kinachowafaa.

Kwanza tuelewane kwa nini mawazo yanakuja baada ya kufika, wakati tulidhani yataishia eapoti. Miezi ya kwanza wengi wako sawa kabisa, friji imejaa, watoto wana mabegi mapya, unapiga picha kwenye theluji na koti la kupewa unatuma Kasulu. Halafu ule msaada wa kupokelewa unaisha siku 90. Pesa taslimu ya mkimbizi asiye na watoto ilikuwa miezi 12, tangu Mei 2025 wanaoanza wanapata miezi 4 tu. Karibu mwezi wa sita inakuja barua ya mkopo wa tiketi ya ndege, haina riba sawa lakini mkopo ni mkopo, na familia ya watu tisa ni tiketi tisa. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 nayo imewatoa kwenye fudi stempu, ule msaada wa chakula, wakimbizi ambao hawajapata grin kadi, kile kibali cha ukaaji wa kudumu, na grin kadi yenyewe mpaka utimize mwaka ndo unaomba. Na tangu Januari 2025 mpango wa kupokea wakimbizi umesimamishwa karibu kwa watu wote, kwa hiyo yule aliyekuja 2024 akijua mama yake na wadogo zake wako nyuma kwenye foleni, foleni imeganda na kila Jumapili anawapigia simu na hana la kuwaambia.

Hapo ndo zile voisi za usiku zinapoanza kuingia.

Bili au damu

Kuna mama mmoja wa upande wa Fizi kule Kongo, ameniruhusu mwenyewe nisimulie ila jina sitaji. Nilikuwa mkalimani wake kwa terapisti, yule mtaalamu anayetibu mawazo kwa maongezi, binti mdogo tu, mpole, ana nia nzuri. Siku ya tatu yule binti akaja na karatasi ya bajeti, hapa andika mshahara, hapa kodi, hapa simu, hapa chakula, tuone tunaweza kupunguza wapi. Mama akaiangalia ile karatasi muda mrefu, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye paja, akanigeukia mimi siyo terapisti, akasema, "Mwambie huyu mtoto, mawazo yangu si ya bili. Ni ya damu."

Nikatafsiri hivyo hivyo. Binti akaweka kalamu chini.

Toka siku hiyo mtu akinipigia nauliza hilo kwanza kabla ya kumshauri chochote, usingizi wako umekatwa na bili au na damu? Mawazo ya bili unayajua, unalala unahesabu, kodi tarehe moja, gari insharansi, ovataimu wamekata, mtoto kasuspendiwa shule, na ukilipwa Ijumaa unalala Ijumaa. Ya damu hayajali umelipwa au hujalipwa. Yanakuja na harufu, na sauti, na ndoto ile ile, kodi umelipa na nyumba ina joto lakini mlango ukibamizwa ghorofa ya juu moyo unatoka mbio. Nina watu hapa wa Makobola, ambako watu waliuawa mwisho wa 1998 kuamkia 1999, na mwaka mpya wa Marekani na fataki zake ni usiku ambao wanazima taa na kukaa chooni maana choo hakina dirisha. Mtu wa namna hiyo ukimwambia tu "jipe moyo, tafuta kazi ya pili" unamuonea.

Na wengi wetu tuna vyote viwili, hilo najua, lakini kuna kimoja kinachokuamsha saa nane usiku, na hicho ndo kinakwambia mlango wa kuanza nao. Nasema hivi pia kwa sababu kuna watu, wazungu na sisi wenyewe, wanadhani kila mkimbizi ni mgonjwa wa akili. Tafiti nyingi za wakimbizi waliopelekwa nchi za magharibi zilikusanywa pamoja zikachapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2005, wakakuta karibu mtu 1 kati ya 10 ndo ana kiwewe cha kufikia ugonjwa, na 1 kati ya 20 ana sonona kubwa, ile huzuni nzito ya kufikia ugonjwa. Ni wengi sana ukilinganisha na watu wa kawaida, lakini bado maana yake wengi wanaokosa usingizi hawaumwi, wamezidiwa. Na kuzidiwa kuna tiba yake ambayo si hospitali.

Mlango wa kliniki

Huu nitakaa nao muda mrefu maana ndo unaoogopwa zaidi.

Wengi mlishaupitia bila kujua. Kwenye vile vipimo vya afya vya miezi ya mwanzo, damu, kifua kikuu, chanjo, sehemu nyingi kuna karatasi inaitwa RHS-15, ilitengenezwa Seattle kwa ajili ya wakimbizi na ya Kiswahili ipo. Inauliza maumivu ya misuli na mifupa, kuwaza sana, kushtuka bila sababu, kulia kirahisi, na mwisho kuna picha ya kipimajoto, 0 mpaka 10, onyesha mzigo ulionao wiki hii. Maswali 14 ya kwanza ukifikisha pointi 12, au kipimajoto ukifikisha 5, wanakuuliza kama ungependa kuonana na mtu wa kuongea naye. Sasa nikwambie ninachokiona mimi nikiwa kwenye hicho kiti, watu wanajibu hapana, hapana, hapana, mpaka mwisho, na kidole kwenye kipimajoto kinaenda sifuri. Baba mmoja aliweka sifuri huku mkono unatetemeka. Nje kwenye parking akaniuliza, ningesema ukweli wangenirudisha? Wangechukua watoto?

Hapana kwa yote mawili. Kuwa na sonona au kutibiwa kwa ajili ya mawazo peke yake hakukunyimi grin kadi, wanachoangalia ni tabia ya kudhuru watu inayotokana na ugonjwa, hicho ni kitu kingine. Tena kuna upande ambao rekodi inakusaidia. Mzee ambaye kichwa kimeharibiwa na yale aliyoyaona mpaka Kiingereza hakiingii, daktari au mwanasaikolojia anaweza kumjazia fomu N-648 ili asamehewe ule mtihani wa uraia. Lakini fomu hiyo inataka daktari anayekujua. Nimeona mzee anaanza kutafuta daktari mwezi mmoja kabla ya intavyuu, na daktari hana cha kuandika maana hajawahi kumwona.

Lugha sasa. Hospitali yoyote inayopokea pesa ya serikali kuu lazima ikupe mkalimani bure, hiyo inatoka kwenye sheria ya haki za raia ya 1964 na ile ya afya ya 2010, na hawaruhusiwi kumtegemea mtoto wako atafsiri isipokuwa kwenye dharura. Tafadhali msimpeleke mtoto wa miaka kumi na moja akatafsiri jinsi baba yake alivyokufa. Nimeshaona. Mtoto alitafsiri nusu, afu akaanza kuangalia viatu vyake.

Ila mkalimani kupatikana ni jambo moja na kuelewana ni jambo jingine. Unapigiwa simu, anajibu mtu wa Nairobi au Tanga, Kiswahili chake kimenyooka, anauliza "je, una sonona?" na mama aliyetoka mji wa Baraka, Kongo, anajibu "sina, mimi niko na mawazo mingi tu, roho inaniuma, kichwa kinazunguka." Yaani kajibu hapana na ndiyo kwa pamoja, na kwenye kompyuta inaandikwa hapana. Siku nyingine daktari akauliza, unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii? Dada akajibu kwa furaha kabisa, ndiyo, Mungu ananiongelesha kila asubuhi. Ilibidi niombe ruhusa nieleze kwamba nusu ya kanisa letu lingejibu hivyo. Kwa hiyo ukipanga apointimenti waambie unataka Kiswahili cha Kongo, au kama Kibembe, Kifuliru, Kinyarwanda ndo kinakutoka vizuri sema hicho, na mkalimani msipoelewana mwambie nesi abadilishe, siyo ufidhuli.

Siri. Hapa kliniki inashinda milango yote, sheria ya siri za wagonjwa ipo tangu 1996 na mtu anaweza kufukuzwa kazi kwa kutoa neno. Inavunjwa kama unataka kujiua au kuua mtu, au mtoto anaumizwa, na terapisti mzuri anakwambia hilo siku ya kwanza. Sehemu inayovuja ni sisi wakalimani, nasema wazi ingawa ni kazi yangu. Mji mdogo, mkalimani aliyekaa pale chumbani ni shemeji wa jirani yako, unaongeaje habari ya kubakwa? Hauongei, na uko sawa. Omba mkalimani wa simu aliye stet nyingine, yaani jimbo jingine, na mwombe nesi asitaje jina lako kwenye simu.

Gharama inategemea medikeidi, ile bima ya afya ya serikali, ya stet yako na karatasi zako, na kuanzia Oktoba 2026 medikeidi nayo inabana kwa mkimbizi ambaye bado hana grin kadi, kwa hiyo usichelewe kuomba grin kadi mwaka ukitimia. Kama huna kitu, tafuta kliniki za jamii zinazolipisha kulingana na kipato, zipo kila stet. Kusubiri ndo ugonjwa wao, wiki nane siyo ajabu.

Dawa nitapita haraka. Za sonona hazifanyi kazi siku ya kwanza kama Panado, zinahitaji wiki 4 mpaka 6, na watu wetu wanazitupa siku ya tano. Kwa ndoto mbaya madaktari wengine wanatoa prazosin, dawa ya zamani ya presha. Mzee mmoja aliirudisha famasia kwa hasira, mimi sina presha. Mngemweleza tu.

Kinachotenda kazi ya kweli kwenye mlango huu kwa mawazo ya damu ni kusimulia kwa utaratibu, siyo kubwabwaja. Kuna namna moja wanaitumia, wanaweka kamba sakafuni, huo ndo uhai wako kuanzia ulipozaliwa, unaweka maua mahali pa furaha na mawe mahali pa ubaya, halafu mnalisimulia jiwe moja moja mpaka mwisho, harufu, saa, nani alikuwepo, wiki hii jiwe hili, wiki ijayo lile. Yule mama wa damu alifanyiwa hiyo, walibadilisha baada ya ile karatasi ya bajeti. Kamba ilikuwa ya manila ya bluu. Jiwe la kwanza aliliweka, la pili akaweka, na alipofika kwenye boti la usiku kuvuka Ziwa Tanganyika 1996 akashika jiwe mkono wa kulia na ua mkono wa kushoto akakaa hajui, maana kwenye boti lile alifiwa na mtoto na asubuhi yake Kigoma walipewa uji wa moto. Akaweka vyote.

Mlango wa kanisa, au msikiti

Hapa hakuna apointimenti. Ukifiwa saa tatu usiku, saa nne sebule imejaa, mama wawili wako jikoni kwako wanapika bila kuuliza sufuria iko wapi, mtu anapitisha bakuli la mchango na wa mbali wanatuma kwa Zelle. Makanisa yetu ya CELPA, CEPAC, Methodisti, tulihama nayo, Uvira mpaka Nyarugusu mpaka hapa, nyimbo ni zile zile. Hakuna terapisti Marekani nzima anayeweza kukufanyia kilio kwa Kiswahili. Na kuna aina ya mawazo ambayo si bili wala damu, ni kilio kilichokwama, mama alikufa Baraka ukamzika kwa video kolo, mtandao ukakata wakati wanashusha jeneza. Hiyo kwa kweli anza kanisani, omba wakufanyie kilio kamili hata kama mwaka umeshapita. Nimeona watu wakilala baada ya hapo bila kidonge. Waislamu nao wana dua na hitima zao na kazi yake ni hiyo hiyo.

Kwaya pia msiidharau. Mazoezi siku mbili tatu kwa wiki, unapumua, unacheka, mtu anagundua haukuja.

Lakini nitasema na ubaya wake, na nasema kama mtu wa ndani. La kwanza siri haina sheria, ina dhamiri ya mtu tu. Mimi nilishawahi kumpelekea kiongozi mmoja wa maombi jambo la nyumba yangu, Jumapili nikalisikia kwenye mahubiri kama mfano, "kuna ndugu mmoja kati yetu," na watu wanageuka kunitafuta. Sikurudi miezi mitano. La pili, kuna vyumba vya maombi ambavyo kila kitu ni pepo au uchawi au karuho, ile sumu ya kienyeji, huyu shangazi yako wa Uvira ndo amekufunga usilale, na mtu anatoka pale na mawazo yake ya zamani pamoja na adui mpya kwenye ukoo. La tatu ndo linaloniogopesha, "acha dawa, onyesha imani". Mgonjwa wa sukari anafungishwa siku tatu, mgonjwa wa akili anaacha vidonge ghafla, tunaitana ICU. Mchungaji anayefaa utamjua kwa swali moja, muulize naweza kuomba na kumeza dawa kwa pamoja? Akisita, msalimie vizuri uondoke.

Na kwa wanaume kuna kitu kingine. Baba aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kambini, watu wanasimama akipita, hapa anapanga masanduku usiku na mtoto wake ndo anamsomea barua. Kanisani bado ni Mzee Fulani, anapewa kiti cha mbele. Hicho kiti kimewaweka hai wanaume wengi kuliko tunavyokubali kusema.

Mlango wa kikundi

Wengi hawajui kama huu ni mlango, wanadhani ni mkutano wa chai. Naongelea kikundi cha wakimbizi wenyewe, watu nane mpaka kumi, kinaongozwa na mtu wetu aliyepewa mafunzo, wakati mwingine kwenye ofisi ya ajensi, lile shirika linalopokea wakimbizi, wakati mwingine kwenye shamba la mboga la jamii watu wanalima lengalenga na kuongea.

Kwa mawazo ya bili naona huu unashinda kliniki na kanisa, nabishana na yeyote. Sababu mtu aliyekaa pembeni yako alishapata ile barua ya mkopo, anajua namba ya kupiga kuomba walegeze malipo, anajua kiwanda kipi shifti ya mchana inafunguka, anajua mwenye nyumba gani anakubali familia kubwa. Terapisti anakufundisha kupumua ukiwa na bili, mwenzako anakwambia bili inalipwaje.

Na siyo porojo. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa vikao vitano unaitwa PM+, dakika 90 kila kikao, unaongozwa na mtu wa kawaida asiye daktari, anafundisha kupumua, kupanga shida moja moja, kurudi kufanya vitu ulivyoviacha, na kutafuta watu wa kukushika. Ulijaribiwa Peshawar kule Pakistani na Nairobi kwa wamama waliopitia ukatili, ukasaidia. Ule wa kamba na mawe nao ulijaribiwa kwa Wanyarwanda na Wasomali pale Nakivale Uganda, washauri wakiwa wakimbizi wenzao waliofundishwa, matokeo yakatoka 2008. Baada ya miezi tisa, kama watu 70 kati ya 100 waliosimulia kwa kamba hawakuwa tena na kiwewe cha kiugonjwa, waliopewa ushauri wa kawaida na wakimbizi wenzao wakawa 65, ambao hawakupewa kitu 37. Angalia hiyo 70 na 65, zinakaribiana sana. Mimi nikiisoma nasema kumbe kusikilizwa na mwenzako aliyefundishwa kunakaribia kabisa mbinu ya wataalamu, na hata waliofanya ya kamba hawakuwa madaktari.

Udhaifu wake? Unategemea kiongozi, na ajensi bajeti ikikatwa kikundi kinakufa, 2025 vimekufa vingi. Umbea upo. Na kuna vikundi ukiingia unaona kabila moja tu limekaa, mnajua sababu na sitaichimbua hapa, ila kama wewe ndo yule mwingine na unajisikia kubanwa, usijilazimishe. Pia mambo ya damu usiyamwage pale mbele ya watu kumi siku ya kwanza. Utatoka mwepesi, usiku utakuwa mzito, na wale kumi umewaamshia ya kwao.

Ukiiweka pamoja

Kwa siri: kliniki, halafu kikundi chenye kiongozi aliyefundishwa, kanisa mwisho. Kwa lugha ni kinyume kabisa, kanisa na kikundi sawa, kliniki mbali. Kwa haraka: kanisa leo usiku, kikundi wiki hii, kliniki miezi. Pesa: kanisa na kikundi bure, ingawa kanisa lina michango yake tusidanganyane.

Baba mwenye mawazo ya bili aanze na kikundi. Asipopona baada ya miezi miwili na bili zimetulia, basi kuna kingine chini yake, aende kliniki. Mwenye ya damu aingie foleni ya kliniki leo, hata kama anajisikia afadhali wiki hii, maana foleni ni ndefu, na wakati anasubiri awe na kwaya au shamba, asikae peke yake. Mwenye kilio kilichokwama aende kanisani au msikitini. Mama aliyejifungua juzi na anamwangalia mtoto kama wa mtu mwingine, huyo asisubiri popote, ampigie daktari aliyemzalisha kesho asubuhi, na wala msimwambie ni uvivu.

Wengine wananiuliza vipi kuhamia stet nyingine, Texas kuna joto, Iowa wanalipa vizuri kwenye nyama. Hamia kama kuna ndugu au kazi ya uhakika. Ukihama kwa sababu ya mawazo ujue medikeidi ni ya stet, unaanza kuomba upya, keisi woka unamwacha, terapisti unamwacha, foleni unarudi nyuma, na mawazo yamepanda gari na wewe. Na pombe sisemi sana, wale wa chupa ndogo kwenye koti mnajijua, na wake zenu wanajua pia.

Jambo moja haliingii kwenye ulinganisho wowote. Kama mtu anaongelea kufa, anagawa vitu vyake, anasema watoto wangekuwa sawa bila yeye, hapo huchagui mlango. Piga 988, namba ya msaada kwa mtu anayewaza kujiua, saa yoyote, ni bure. Wakijibu sema neno moja tu, "Swahili", afu subiri kwenye simu, kutakuwa na kimya na muziki kidogo, usikate, wanamtafuta mkalimani. Kama anajiumiza sasa hivi ni 911, namba ya dharura. Na usimwache peke yake chumbani wakati unapiga, hata kama anakwambia toka.

Yule mama wa Fizi, kama mnajiuliza anaendeleaje, bado anaenda, mawe yamebaki mawili kwenye kamba. Bili alimwachia kijana wake mkubwa na yule dada wa kikundi anayejua kuongea na mwenye nyumba. Mwezi uliopita alinipigia, nikashtuka nikadhani amezidiwa, kumbe anataka nimwambie terapisti ile apointimenti ya Alhamisi ihamie Jumanne, Alhamisi kwaya wameongeza mazoezi na yeye ndo anaanzisha wimbo.